Mkono wa Viola

Nilipokuwa naumwa, hospitali ilinipa vijitabu vya Kiswidi, na rafiki yangu mmoja wa Paris akanitumia kimoja cha Kifaransa. Nilivisoma vyote. Vilinieleza saratani ya titi ni nini na madaktari wanaishughulikiaje. Hakuna kilichonieleza mtu anavaaje blauzi asubuhi ya kwanza baada ya kurudi nyumbani, wala anamwambiaje mama yake mzazi kwenye simu. Wanawake wa kwetu ninaowafahamu mjini hapa, wawe Watanzania, Waganda, Wakenya au wa Bujumbura, wakigusa kitu kigeni kifuani huanza kwa kunyamaza. Ndiyo maana nimeandika haya kwa Kiswahili. Sayansi yake nawaachia wenyewe. Mimi nasema yaliyonipata.

Kazi yangu ni muziki. Kwa miaka mingi nilipiga viola, ala ya nyuzi inayofanana na fidla ila kubwa kidogo, na sauti yake ni nzito zaidi, kama sauti ya mwanamke mtu mzima anapozungumza karibu na msichana. Watu huniuliza Mngazija mzaliwa wa Unguja alifikaje huko. Baba yangu alikuwa mpishi katika meli za Wafaransa. Uraia wetu ulikuwa wa Kifaransa, na nilipofikia umri wa kwenda shule alituhamishia Marseille, mtaa wa juu ya bandari ya zamani. Ndani ya nyumba tulizungumza Kiswahili, mlango ukifunguliwa tukageuka Wafaransa.

Chini yetu aliishi mjane mmoja aliyefundisha viola. Nilikuwa nakaa kwenye ngazi nikiwasikiliza wanafunzi wake wakikosea palepale kila siku. Siku moja akafungua mlango.

"Ingia au nenda zako," akaniambia. "Ngazi zina baridi."

Nikaingia. Mama alikuwa akimpelekea mikate ya kumimina kwa shukrani, na bibi yule akawa anaila na kahawa huku ananipiga kiwiko kwa kijiti chake cha kuonyeshea noti: kiwiko ndani, kiwiko chini ya ala. Kutoka kwake nilikwenda shule ya muziki ya Marseille, kisha Paris, kisha okestra ya Lyon, ambako nilikaa viti vya nyuma miaka kadhaa. Miaka ya sitini ilipokuwa inaisha, okestra moja ya Stockholm ikatangaza nafasi. Walitusikiliza nyuma ya pazia ili wasituone. Pazia lilipofunguliwa walishangaa kidogo, kisha wakanipa mkono mmoja mmoja.

Mume wangu, Rashidi, nilimpata kwenye treni ya chini ya ardhi. Mfuko wake wa viazi ulipasuka, viazi vikatawanyika behewa zima, naye akasema kwa sauti, "Ala! Viazi hivi navyo!" Nilikuwa sijasikia Kiswahili tangu nifike. Nikaokota kimoja nikampa. "Na hiki, kaka." Akasimama mdomo wazi hadi tukapita kituo chake. Ni mtu wa Tanga, alikuja Sweden kusomea ufundi wa mitambo ya simu, akapata kazi, akabaki. Tulioana, tukahamia Rågsved, kitongoji cha kusini mwa jiji, tukampata Salma.

Salma alikuwa na miaka minne ugonjwa ulipoanza. Ilikuwa mwishoni mwa majira ya baridi, theluji inayeyuka na kuganda tena. Nilikuwa nashuka ngazi za stesheni na sanduku la viola mgongoni, mkanda wake umekatiza kifua. Mguu ukateleza, nikaushika mkanda kwa nguvu, nao ukakandamiza kitu juu ya titi la kushoto, karibu na kwapa. Kilikuwa kigumu, kidogo kama punje ya harage.

Nilipofika nyumbani Rashidi alikuwa anakata vitunguu.

"Baba Salma, weka kisu chini."

"Kuna nini?"

"Nipe mkono wako."

Nikakiweka kidole chake pale. Akakiacha kidole hapo muda mrefu.

"Inauma?"

"Hapana."

"Kama haiumi, huenda…" Hakuimaliza. "Kesho utapiga simu. Mimi nitaomba ruhusa kazini."

Vyumba vya kusubiria vya hospitali za Stockholm nimekaa vingi, na vyote vina jambo moja: watu wanaacha kiti kitupu kati yao. Kila mtu ana gazeti, hakuna anayefungua ukurasa. Mapazia yalikuwa ya rangi ya chungwa. Walinichoma sindano nyembamba kwenye uvimbe, wakavuta kitu, wakaniambia nisubiri nyumbani. Nikaenda mazoezini. Siku ile tulipiga vizuri sana, hilo nalikumbuka.

Majibu alinipa daktari mwanamke. Alivua miwani kabla ya kusema, nami nikajua. Rashidi, ambaye Kiswidi chake ni kizuri kuliko changu, akaanza kumwuliza maneno kwa Kiswahili bila kutambua. Daktari akamwacha amalize, kisha akasubiri.

Mama nilimpigia jioni ileile. Baba alikuwa ameshafariki na Mama alikaa peke yake Marseille.

"Mama, nitapasuliwa."

"Wapi?"

"Ziwa."

Nikasikia anavuta kiti, anaketi.

"Usimwambie mtu," akasema. "Nakuja."

Kabla ya upasuaji, daktari mpasuaji alikuja kitandani, mwanaume mrefu mwenye vidole vifupi. Akaniuliza kazi yangu.

"Napiga viola kwenye okestra."

"Unaishika upande gani?"

"Kushoto."

Akatazama kwapa langu, kisha dirisha. Akanieleza taratibu kwamba watatoa titi, misuli iliyo chini yake, na tezi za kwapani, na kwamba mkono unaweza kuwa mzito na usinyanyuke kama zamani. "Nitakuwa mwangalifu sana," akasema. "Lakini kwanza nataka uishi." Nilimpenda kwa kuyasema yote mawili pamoja.

Nilipozinduka upande wangu wa kushoto ulikuwa umefungwa bandeji ngumu, na mrija ulikuwa unatiririsha maji ya damu kwenye chupa chini ya kitanda. Kitu cha kwanza nilichofanya si kugusa kifua. Nilijaribu vidole vya kushoto vinavyokanyaga nyuzi, kimoja kimoja, juu ya shuka, kama vile shuka ni viola. Vilitii vyote vinne. Nikalala tena nimefurahi. Mwenye kusoma haya anaweza kuniona mwendawazimu, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Furaha ile haikudumu. Bandeji zilipotolewa nilijiona: upande mmoja mtu, upande mwingine ubao wenye mshono mrefu kutoka kifuani hadi kwapani. Ngozi ya ndani ya mkono ilikuwa na ganzi, ukiigusa ni kama unagusa mkono wa mtu mwingine. Muuguzi alinipa mto mdogo wa pamba wa kuweka ndani ya sidiria. Ulikuwa mweupe. Nikacheka, naye akacheka akijua kwa nini, akaenda kuutafutia kitambaa cha kahawia. Wema wa namna hiyo hausahauliki.

Mama alifika na masanduku mawili, moja la nguo na moja la viungo. Rashidi akampokea mlangoni, "Shikamoo, mama," naye akamjibu, akamkabidhi sanduku la viungo, akaja moja kwa moja kunitazama. Hakulia mbele yangu. Alisema, "Huo mti umeubana kifuani tangu utotoni. Nilisema mimi."

"Mama, si viola iliyofanya hivi."

"Wewe ni daktari?"

Hapo ndipo nyumba yetu ya vyumba viwili ilipoanza kubana. Mama alitaka nirudi Marseille. Rashidi alitaka nipumzike na asiulizwe chochote. Alichukua jiko lote, akatupikia ugali wa semolina kwa sababu unga wa mahindi ulikuwa shida kupatikana, akamfulia Salma, akaenda na kurudi kazini. Lakini kovu hakulitazama. Nikibadilisha nguo anakumbuka kitu jikoni. Usiku ananigeuzia mgongo kwa upole, kama mtu anayempisha mgonjwa. Niliona heri ningekuwa na mume wa kunigombeza.

Na Mama alikuwa ameamua ugonjwa wangu ni siri. Wanawake wa mkutano wetu wa Jumapili, wale wa kwetu tunaokutana kila wiki kuzungumza, walipokuja kunijulia hali, wamevaa vizuri, wamebeba vyungu vya chakula, aliwaambia niliteleza kwenye barafu nikaumia bega. Ilikuwa mwezi wa Mei. Nje ya dirisha miti yote ilikuwa imeshatoa majani. Mgeni mmoja akatazama nje, akamtazama Mama, akanywa chai yake. Salma, aliyekuwa anacheza chini ya meza, akasema kwa Kiswidi kwamba barafu iliisha zamani na kwamba mama yake amekatwa titi.

Hakuna aliyehitaji mkalimani.

"Ni kweli," nikasema. "Ni saratani. Wamelitoa."

Mmoja wao aliweka kikombe mezani na hakukigusa tena, nadhani aliogopa kuambukizwa. Haiambukizi, nasema hapa kwa faida ya wote. Wengine wakavuta viti karibu. Wakaniuliza kila kitu, na mmoja akaomba aone, nikamwonyesha chumbani. Mama alinuna hadi kesho yake. Kisha alinikuta nacheka kwenye simu na mmoja wa wanawake wale, akasimama mlangoni akisikiliza, na tangu siku ile habari ya barafu haikutajwa tena.

Mionzi ilianza siku zilipokuwa ndefu. Kila siku ya kazi nilikwenda hospitali, nikalala chini ya mashine kubwa, wote wakatoka chumbani, ikavuma kidogo, nikavaa. Haiumi. Kinachochosha ni kusubiri, na kinachouma huja baadaye kwenye ngozi. Wauguzi walikuwa wakichungulia kama nimekuwa mwekundu. Mimi siwi mwekundu. Ngozi yangu ilizidi kuwa nyeusi, nyeusi ya sufuria lililoungua, kisha ikaanza kuchubuka, na wao bado wanaandika kwamba hakuna wekundu. Nikawaambia, "Kwangu kuungua kunaonekana hivi." Muuguzi mkuu akawaita wenzake wote waje watazame, akaniomba radhi, wakanipa mafuta na siku chache za kupumzika. Kwa hiyo dada, kama ngozi yako ni kama yangu, sema mapema. Wao hawajui mpaka uwaambie.

Chumba cha kusubiria cha mionzi kilibadilishwa na Mama. Siku ya kwanza aliyonisindikiza aliingia amejitanda shiromani, vazi la wanawake wa Kingazija, akaona watu wamekaa mbalimbali, na akafanya anachofanya popote akikuta watu: akampa mkono kila mmoja. "Bonjour. Bonjour." Mzee mmoja wa Kiswidi alisimama wima kama askari. Mimi nilitamani sakafu inimeze. Siku ya pili akafanya hivyohivyo. Wiki iliyofuata tulichelewa, na tulipoingia tukakuta viti vitupu vya katikati vimekwisha, watu wamesogeleana, yule mzee anamwonyesha bibi mmoja picha za wajukuu zake. Walinyanyua mikono yao hata kabla Mama hajafika kwao. Alipoondoka kurudi Marseille walikuwa wakiniuliza yeye kwanza, mimi baadaye.

Lakini kabla ya kuondoka alipata taabu na jua. "Isha naisali lini, mwanangu?" alinung'unika akiwa dirishani. "Hili jua la kwenu halina adabu, haliagi." Mimi nililala mchana kweupe na usiku kweupe, nimechoka uchovu usio na jina. Uchovu wa mionzi si usingizi. Ni kama mtu amekufungulia koki miguuni, kila kitu kinatoka.

Kilichobaki kilikuwa mkono. Ulivimba. Asubuhi nafuu, jioni mzito, pete haiingii, mikono ya nguo inabana. Mama aliifumua nguo yangu nyeusi ya maonyesho akaongeza kipande kwapani kwa ustadi ambao nilikuwa simjui nao. Hospitali ilinipa mtaalamu wa mazoezi ya viungo, Gunilla, msichana mwenye mikono ya mkulima. Alinisimamisha mbele ya ukuta, akaniambia niupande kwa vidole, kama buibui, mpaka kwapa likatae. Nyumbani Salma akawa mwalimu wangu. Palipofikia vidole alichora uso kwa penseli ukutani.

"Högre, mamma!" Juu zaidi.

"Mama amechoka, mwanangu."

"Högre!"

Mwisho wa kiangazi ukuta wa sebule yetu ulikuwa na safu ya nyuso zinazopanda, baadhi zina meno.

Gunilla alipokuja nyumbani kunitazama, alimkuta Mama ananikanda mkono kwa mafuta ya nazi, kutoka begani kwenda chini. Gunilla akaushika, akamwonyesha: kutoka vidoleni kwenda juu, polepole, kama unasukuma maji kwenye bomba laini. Mama akamsukuma pembeni, akajaribu, Gunilla akatikisa kichwa, wakapokezana mkono wangu kama unga wa chapati. Hawakuwa na neno hata moja la pamoja. Saa moja baadaye walikuwa wanakunywa chai ya tangawizi na Gunilla anakohoa.

Mama alipoondoka, mwezi wa Agosti, hakukuwa na wa kunikanda. Mkono mmoja haufiki. Nilijaribu siku mbili, siku ya tatu nikamwita Rashidi. Alikuja akaketi kitandani, akapaka mafuta viganjani, akaanza vidoleni kama alivyoelekezwa, macho yake yako kwenye pazia. Akafika kiwikoni. Akasimama.

"Baba Salma, kidonda hakiumi tena. Unaweza kukitazama."

"Si kidonda ninachokiogopa."

"Ni nini?"

Akasema, "Naogopa utauona uso wangu nikikitazama. Nisipoumia utasema sijali. Nikiumia utasema nakuonea kinyaa. Sijui niweke uso gani."

Miezi yote ile nilikuwa nimejiandalia maneno makali. Yote yakapotea. "Weka huohuo ulio nao," nikamwambia.

Akageuka akatazama. Alilia, na kulia kwake kulikuwa kubaya, kwa mtu asiyezoea. Kisha akaendelea kukanda, kutoka kiwikoni kupanda juu, hadi kwenye kovu lenyewe. Usiku ule hakunigeuzia mgongo.

Majani yalipoanza kuwa ya manjano niliweza kuinyanyua viola. Nilianza kidogokidogo, kisha zaidi, na okestra, ambayo ilikuwa imenishikia nafasi yangu, ikanikaribisha kwenye mazoezi. Mwenzangu wa stendi moja ya noti alikuwa Bengt, Mswidi wa makamo asiyesema sana. Alikuwa amenitembelea mara kadhaa wakati naumwa, ananiletea mikate ya mdalasini, anaketi na koti lake, anaondoka. Siku ile alikuwa amefuta vumbi kwenye kiti changu.

Nusu ya kwanza nilipiga. Nusu ya pili mkono ukawa mzito kama chuma. Kiwiko, ambacho bibi wa Marseille alikipigia fimbo hadi kikajua mahali pake, kilikataa kuingia chini ya ala. Vidole vilivimba, nikikanyaga uzi mmoja nagusa miwili. Nilimsikia Bengt anaongeza sauti ili afunike makosa yangu. Nikaiweka viola mapajani na kuzifuata noti kwa macho tu, kurasa baada ya kurasa.

Kwenye korido nilimwambia, "Sitaweza."

"Utapumzika. Utarudi."

"Bengt, umenisikia leo."

Bengt hawezi kusema uongo, ni kama ugonjwa kwake. "Ndiyo," akasema. "Nimekusikia."

Nilijiuzulu kabla ya Krismasi. Walinipa maua na hotuba. Nililia kuliko nilivyolilia titi, na bado sioni haya kusema hivyo. Titi nilikuwa nalo, viola ndiyo niliyokuwa. Majira yale ya baridi nilikuwa napanda treni na Salma hadi Skärholmen, naketi kwenye benchi ndani ya lile jengo kubwa la maduka, nawatazama watu wakinunua taulo. Mtu akiniuliza hali nasema nashukuru, kwa sababu vipimo vilikuwa safi. Vilikuwa safi kweli. Ila sikujua niamkie nini.

Siku moja ya Februari kengele ya mlango ikalia. Rashidi akafungua, na Bengt alikuwa amesimama amekumbatia kitu kirefu kilichofungwa blanketi na kamba.

"Mungu wangu," Rashidi akasema, "umembeba nani?"

Lilikuwa gamba. Jina lake kamili ni viola da gamba, ala ya zamani ya nyuzi sita, na umbo lake ni kama fidla iliyokua ikawa kubwa kuliko mtoto. Miaka ile vijana wengi wa Stockholm walikuwa wameanza kuchimbua muziki wa kale na ala zake. Fundi mmoja rafiki yake Bengt alikuwa amelitengeneza, aliyeliagiza akahama, limebaki karakanani.

"Halinyanyuliwi begani," Bengt akasema. "Linasimamishwa katikati ya miguu. Mkono wa kushoto hauendi juu sana. Nimepima." Akaona haya. "Nimepima kwa mkono wangu."

Nikakaa kwenye kiti cha jikoni. Nikaliweka kati ya magoti, likaegemea kifuani upande ule wa kushoto ambao hauna kitu, likatulia. Upinde wake unashikwa kinyume, kiganja kinatazama juu, kama mtu anayepokea. Nikavuta uzi wa chini kabisa. Sauti ilipita kwenye mbavu zangu zile zisizo na nyama, nikaisikia ndani kabla ya masikio kuisikia.

"Mbaya," nikasema.

"Mbaya sana," Bengt akakubali, na lile lilikuwa tabasamu lake la kwanza kwangu kuliona.

Nilipompigia Mama kumweleza, akauliza mara mbili. "Gamba? Gamba la samaki?"

"Kwa Kitaliano ni mguu, Mama. Linashikwa kwa miguu."

"Sasa watu wazima wanapiga muziki kwa miguu!" Lakini nilisikia anavyopumua, amefurahi.

Nilikuwa mwanafunzi tena, karibu miaka thelathini tangu ngazi za Marseille. Vijana niliojiunga nao walikuwa wananiita kwa jina langu tu, Moina, wananisahihisha bila kuogopa. Nilikosea palepale kila siku. Niliupenda muziki huo, usio na haraka, wa watu wachache wanaosikilizana chumbani. Vuli iliyofuata tulifanya onyesho letu la kwanza katika kanisa dogo la mawe upande wa kusini wa jiji, viti vimejaa nusu. Mama alikuja kutoka Marseille, akakaa mbele na wanawake wa mkutano wa Jumapili, Waislamu na Wakristo, wote wamevaa kana kwamba ni harusi. Katikati ya kipande cha polepole nikasikia mmoja anamnong'oneza mwenzake, "Ndiyo huyo aliyekuwa anakufa." Nilipiga vizuri zaidi baada ya hapo.

Nimeendelea hivyo hadi leo, na miaka ya sabini sasa inaelekea ukingoni. Tunapiga makanisani, shuleni, mara moja hata Lyon, ambako waliokuwa wenzangu walikuja kunitazama kwa udadisi na wakabaki kwa chakula. Mkono bado unavimba joto likizidi. Sibebi mifuko kwa mkono wa kushoto, sichomwi sindano upande huo, Rashidi bado anaukanda siku za uchovu. Madaktari hawajawahi kuniambia neno "umepona", nami nimeacha kuwauliza. Wananiambia, "Tuonane tena."

Nilikuwa nimekwenda kuonana nao, msimu huu wa kuchipua majani, nilipomkuta mwanamke mmoja kwenye chumba cha kusubiria. Alikuwa amekaa ukingoni mwa kiti na mkoba mapajani, akisema maneno kwa pumzi, nikatambua ni sala. Mimi nilikuwa nimemaliza, nafunga koti. Mazoezi yalikuwa yananisubiri mjini.

Nikampa mkono. "Hujambo, dada?"

Akashtuka. "Wee! Unasema Kiswahili? Mimi ni Mganda. Kiswahili yangu ni ya kuvunjika."

"Hata yangu ina nyufa. Umekuja na nani?"

"Na nani? Niko peke yangu hapa Sweden. Wengine walibaki." Alisema "walibaki" kwa namna ambayo sikuuliza zaidi. Akaonyesha kifua chake, haraka, kama mtu anayeficha. "Iko kitu. Mimi nilinyamaza nayo tangu Krismasi. Leo wanachoma sindano."

Muuguzi akaita jina lake, akiliharibu vibaya sana. Alisimama, mkoba ameukumbatia kifuani.

"Nipe mkoba," nikamwambia. "Nitakuwa hapa ukitoka."

Mlango ukafungwa. Nikakaa. Nimekaa kwenye vyumba vile miaka mingi, lakini nilikuwa sijawahi kukaa kwa ajili ya mtu mwingine, na niligundua ni kazi ngumu zaidi. Nilielewa kwa nini Rashidi, kila aliponisubiri, alikuwa akihesabu vigae vya sakafu. Mkoba wake ulikuwa mzito, wenye harufu ya sabuni. Niliushika kwa mikono yote miwili.

Alipotoka alikuwa amefunga vifungo vya blauzi vibaya, na machozi yamemjaa uso mzima. Nikainuka.

"Maji," akasema.

"Unataka maji?"

"Hapana! Ni maji tu! Dada, ni maji ndani! Wamevuta na sindano, imekwisha, imelala chini! Daktari anasema nenda nyumbani!"

Nilijitafuta moyoni kama kuna wivu. Ulikuwepo, mdogo, umekaa pembeni na kiti kitupu kati yake na mimi. Nikauacha palepale, nikamkumbatia yule mwanamke kwa mkono wa kulia na wa kushoto, ule wa kushoto ukapanda hadi begani kwake bila kulalamika. Alikuwa anacheka na kulia kwa Kiganda. Watu wakaweka magazeti chini.

Tukatoka hadi kwenye simu ya korido, nikampigia Bengt, ambaye siku hizi naye anapiga na sisi, kumweleza kwamba nimechelewa.

"Umetoka kwa daktari?" akauliza, na sauti yake ikabadilika. "Moina? Wamepata nini?"

Yule dada alikuwa amening'inia begani kwangu, anafungua na kufunga vifungo vyake upya huku anacheka peke yake.

"Hakuna kitu, Bengt," nikasema. "Hakuna kitu kabisa."